Taa za Sesilia Juu ya Matumbawe

Ukifika Keko kwa maseremala ukauliza njia ya kwenda kwa Sesilia, watakwambia, "Yule mama anayepiga randa mwenyewe." Wanawake wengi pale barabarani huuza vitanda na makochi, au hupiga msasa. Sesilia aliishika randa akiwa na miaka kumi na tisa, alipotoka Newala na marehemu baba yake, Leonardi, mchonga vinyago. Mwaka huu ametimiza arobaini na sita, na bado hajaiweka chini.

Sifa yake kubwa ni makabati ya vyombo. Taa huzificha kwenye ukingo wa mbele, zikitazama nyuma kimshazari, na ukiwasha tu, vikombe vya harusi vinang'aa kama vimeoshwa sasa hivi.

Ndiyo maana Bi Farida, mwalimu mstaafu wa biolojia aliyejenga mlimani Goba, alimwita yeye. Sebuleni ana tangi la kioo la maji ya bahari, refu kama kitanda, lenye samaki na matumbawe hai aliyoyanunua kwa mfugaji mwenye kibali. Kila Jumamosi wanafunzi wa mtaani huja kujifunza. Alitaka fremu ya mbao ya kushikilia taa mbili juu ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie watu wa Newala, bahari mnaijulia wapi?"

"Tutaijulia hapa hapa kwako."

Sesilia akatengeneza fremu ya mninga, akafunga taa kama alivyozoea: ukingo wa mbele, shubiri moja tu juu ya maji, zikitazama nyuma. Samaki wakawaka kama shanga. Bi Farida mwenyewe alipiga makofi.

Siku ya tisa akapiga simu. "Fundi, matumbawe yangu yanakufa."

Sesilia alikuta ya mbele yamepauka, meupe kama mfupa, yamejifunga. Ya nyuma, yaliyokuwa kivulini mwa mawe, yamepinda yakiutafuta mwanga. Bi Farida hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma.

"Nitanunua stendi ya chuma dukani. Hii yako rudi nayo Keko, kaifanye kitu kingine."

Miaka ishirini na saba, hakuna kazi ya Sesilia iliyowahi kurudi Keko. Akilini aliiona fremu yake ikipita barabarani juu ya guta la mizigo, mafundi wote wameinua macho kutoka kwenye mbao zao.

"Mama, nipe nusu saa nitazame tu."

"Tazama. Kutazama hakuui."

Aliomba mrija wa soda, akausuuza vizuri, akausimamisha mchangani ndani ya tangi. Kivuli chake kikalala kuelekea nyuma, kirefu, cheusi, kimoja. Baba yake alikuwa akichonga karibu na dirisha, akigeuza gogo kidogo kidogo, kwa kuwa kivuli ndicho kilichomwonyesha palipo na kosa. Sesilia alikitazama kivuli cha mrija kwa muda mrefu.

"Nimekosa, mama," alisema. "Taa nimeziweka kwa ajili ya wageni, kama za kabati. Vikombe havili mwanga. Hawa wanaula. Wa mbele nimewavimbisha matumbo, wa nyuma nimewalaza njaa."

Bi Farida akavua miwani. "Kuna watoto wa kidato cha pili walikuwa wanalikosa jibu hilo." Akaivaa tena. "Wiki tatu. Zikipita, stendi."

Sesilia akazitoa taa ukingoni, akazining'iniza katikati kwa minyororo isiyoshika kutu, moja kulia, moja kushoto, mwanga upishane, jiwe lisilinyime jiwe. Akaanzia juu kabisa, maana mgonjwa halishwi pilau siku ya kwanza. Kila Jumatatu angeshusha pete moja ya mnyororo, asimamishe mrija, asome vivuli.

Kutoka Keko hadi Goba, kwa pete moja! Fundi Audax, jirani yake wa karakana, hakuweza kunyamaza.

"Sesi, leo tena unakwenda kuwasalimia samaki?"

"Wananiitikia vizuri kuliko wewe."

Jumatatu ya kwanza hapakuwa na badiliko. Ya pili, doa la hudhurungi lilionekana kwenye tumbawe moja, dogo kama punje ya mtama. Ya tatu, alikuta mlango wa Bi Farida uko wazi.

Yalikuwa yamefunguka. Vidole vidogo visivyohesabika vilikuwa vinacheza majini, hudhurungi, vyenye kijani kwenye ncha. Hata yale ya nyuma yalikuwa yanajinyoosha. Sesilia alisimamisha mrija: vivuli viwili, vifupi, hafifu, kimoja kila upande.

"Mashallah," alisema Bi Farida. "Ila samaki hawawaki kama siku ile. Hebu shusha pete moja tena, wanafunzi waone vizuri."

Sesilia alikuwa ameshika mnyororo. Ilikuwa kazi ya kidole tu.

"Hapana, mama. Zinabaki hapo."

"Tangi la nani hili?"

"La kwako, mama. Taa nimezipanga mimi."

Bi Farida alimtazama kama alivyowatazama wanafunzi kwa miaka thelathini na mbili. Sesilia hakushusha macho. Kisha mwalimu akacheka, akashika ncha moja ya benchi la wanafunzi.

"Basi shika huko, fundi. Tusogeze benchi karibu na kioo."