Tisa Iliyojaa

Mpaka leo siwezi kufungua chupa ya soda bila kukunja uso. Ni harufu ya kile kifuniko: kutu, na kitu kichachu chini yake. Watu hudhani nina maringo. Si maringo.

Miaka ile ya maziwa ya bure shuleni, mimi na dada yangu Njeri tulianza darasa la kwanza pamoja, ingawa alinipita mwaka mmoja. Mwalimu aliagiza kila mtoto alete visoda kumi vya kuhesabia. Kwetu mtaani Huruma soda ilikuwa ya Krismasi, kwa hiyo vifuniko tuliviokota nyuma ya baa, pale wanaume walipokojolea ukuta. Mama aliviosha kwa jivu. Harufu haikutoka. Vikipata joto la mikono yetu, darasa zima lilinuka pombe ya jana.

Njeri alijua kuhesabu kuliko mimi. Visoda alivipanga hadi kumi bila kusita. Shida ilikuja siku mwalimu alipoacha visoda akauliza hesabu ya watu.

"Njeri, kwenu mko watoto wangapi?"

"Tisa iliyojaa, Mwalimu."

"Ati nini?"

"Tisa iliyojaa."

Darasa likaangua kicheko. Shosho, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha hivyo. Kwa Kikuyu alisema kenda muiyuru. Ukitaja kumi ya watu, alituambia, kuna kitu kinasikia, kinakuja kuchukua mmoja. Nilijua hayo sawasawa na Njeri.

Mwalimu aliokota kisoda kwenye rundo akamwekea Njeri juu ya ulimi. "Kaa nacho mpaka kumi itoke." Kisha akanigeukia. "Na wewe, si mmetoka nyumba moja? Mko wangapi?"

"Kumi, Mwalimu."

"Na huyu?"

"Huyu ni mshamba tu."

"Sasa huyu ndiye ako na akili," akasema, akanipa pakiti ya pili ya maziwa. Niliyanywa yote, polepole, nikimtazama dada yangu akitiririkwa na mate yenye rangi ya kutu. Hakusema kumi. Alitapika kwenye sweta yake, ndipo mwalimu akamwacha.

Njiani nilingoja anipige. Alisema tu, "Usimwambie Shosho umetaja. Ataogopa."

Mwalimu yule bado namchukia, siwezi kudanganya. Lakini kinachonitia kichefuchefu zaidi ni utamu wa yale maziwa. Watu huniambia mtoto hana hatia. Mtoto yule alikuwa mimi, na alijua.

Kwa muda mrefu nilidhani Shosho alikuwa mjinga wa hesabu. Shosho aliuza viazi sokoni maisha yake yote, na hakuna aliyempunja hata kimoja. Alichokataa ni kutuhesabu sisi kama viazi.

Njeri tulimzika kule Yamumbi mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyepewa kuandika maisha yake ya kusomwa kaburini. Nilipofika sehemu ya ndugu zake niliandika kumi, nikafuta, nikaandika: alizaliwa katika tisa iliyojaa. Padri alisita hapo, kisha akasoma kama ilivyo. Hakuna aliyecheka.

Sasa tuko tisa. Haijajaa.