Ukuta wa Kelele

Tangu baba afariki, mama hakulala tena chumbani kwake. Alilala jikoni, ile nyumba ndogo ya nje, kwenye godoro jembamba kando ya mafiga, na asubuhi alilikunja akalificha nyuma ya debe la unga kana kwamba sisi wanawe tulikuwa wageni tusiojua kitu. Baba alifariki miezi ile ya korona. Alizikwa kwetu Katito kabla jua halijawa kali, mbele ya watu wachache walioruhusiwa kuvuka lango, bila matanga wala ngoma. Kwetu mzee wa umri wake, mwenye boma na wajukuu, haondoki kimya namna ile. Baada ya mazishi watu hutoka na ng'ombe, filimbi na matawi, wakakimbia hadi mbali nje ya kijiji wakipiga kelele na kukichapa kifo, kisha wakarudi kulizunguka boma. Tero buru, ndivyo tunavyoita. Baba hakufanyiwa. Mama aliniambia mara moja tu kwamba mumewe bado yuko pale kitandani, na kwamba yeye hawezi kulala na mtu ambaye hajaagwa.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo likanitafuna polepole. Nikiwa na neno moyoni nalizungusha nyumba nzima, nafungua kabati na kulifunga, nagombana na vyombo. Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye mkubwa wa boma siku hizi, na nilimsumbua kwa simu mpaka akawa ananijibu kwa kuguna. Alikubali kwamba jambo lile lazima lifanyike, lakini kila msimu ulikuja na sababu yake. Mara mvua, mara mpunga haujavunwa, mara uchaguzi, mara watu wa kanisa wamesema marehemu alishaombewa na hiyo inatosha. Mama hakubishana na yeyote. Kila jioni alichukua blanketi lake akaenda jikoni, nami kila nilipokuwa nyumbani nikimtazama akivuka ua ule, nilitamani kuvunja kitu.

Kazi yangu Kisumu ni kutengeneza vitu ambavyo watu hawajui vya nini. Najiita msanii nikiwa na watu wanaoelewa, na fundi nikiwa na mwenye nyumba. Mwaka jana nilialikwa kwenye maonyesho ya wiki moja, katika uwanja ulio karibu na ziwa, na sharti lilikuwa moja: kila kazi iwe ya kushikwa. Mmoja wetu alileta meza ya mchanga ambayo watu waliichora kwa viganja. Mwingine alijenga chumba cha giza chenye kamba za magugu maji, unapita ukipapasa. Mimi nikajenga ukuta. Niliunganishiwa fremu ya chuma ndefu kuliko basi, nikazunguka soko la Kibuye kutafuta vitu vya kuning'iniza: sufuria zilizotoboka, ringi za magari, vipande vya mabati, madebe, mitungi ya gesi iliyokatwa matako, vifuniko vya kila ukubwa. Mbele nikaweka ndoo ya fimbo zilizofungwa mpira wa tairi. Nikaandika neno moja kwenye ubao: GONGA.

Kwa wasimamizi niliutaja kama ukuta wa furaha. Mimi nilijua ni wa nani.

Siku ya kwanza hakuna aliyegonga. Watu wa mji wangu wamelelewa kwa kupigwa makofi mkono unaogusa kisicho chake, na walisimama mbele ya ukuta wangu mikono nyuma, wakausoma kutoka mwanzo hadi mwisho kama tangazo la mnada. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, alikagua sufuria moja kwa muda mrefu, akaigeuza, akaichungulia tundu.

"Madam, hii unauza?"

Nilimwambia haiuzwi, ni ya kugonga. Akaniuliza nani atagonga sufuria wakati tundu lake linaweza kuzibwa. Nilimpa fimbo. Aliishika kwa vidole viwili, akaipa sufuria ile pigo dogo la kuomba radhi, akanirudishia fimbo na kunipa pole. Nilirudi nyuma ya fremu nikakaza waya zilizokuwa zimekazwa tayari. Nilikuwa sikai, sisimami. Nilikunywa soda moto, nikahamisha ndoo kulia, nikairudisha kushoto, nikawaonea wivu wenye meza ya mchanga. Watoto wa shule walipokuja waligonga kidogo, mwalimu akawaambia polepole, wakagonga polepole. Hizo zilikuwa kelele za adabu, na mimi sikuwa nimezunguka Kibuye kutafuta adabu.

Jioni ya tatu nilimpigia mama simu. Nilimwambia nimemtengenezea baba mahali pa kupigiwa kelele, hapa Kisumu, kando ya ziwa, na kwamba aje Jumamosi. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Angekuja peke yake, ningempa fimbo, angegonga, angelia, tungekula samaki, nami ningemrudisha Katito akiwa mwepesi.

"Sawa," mama akasema kwa Kiluo. "Nitawaambia watu."

Nilidhani anamaanisha jirani wa kumwangalizia kuku.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na maputo, barafu za kulamba, vijana wakipiga picha mbele ya kila kitu, na hata ukuta wangu ulikuwa umeanza kuzoeleka. Kisha pick-up ikaingia kwa lango la magari, matawi yamechomekwa mpaka kioo cha mbele, na nyuma yake wamesimama wazee wa kwetu, wanawake wa kwetu, na baba mdogo katikati ameshika kengele ya ng'ombe. Mama aliketi mbele. Alikuwa amevaa koti la baba, lile la kijivu la kuendea mikutano, mikono yake imekunjwa mara mbili, na kofia ya baba kichwani. Walikuwa wamekuja kukifukuza kifo. Mtoto wa marehemu alikuwa ameita, na mtoto wa marehemu akiita, watu huenda.

Baba mdogo alishuka akanisalimu kwa heshima ambayo hajawahi kunipa, kisha akatazama huku na huku kwenye maputo.

"Ng'ombe umewaweka wapi?"

Nilionyesha ukuta. Akautazama toka upande huu hadi ule, akaguna, akapuliza filimbi.

Hawakuhitaji kuelezwa chochote. Waliikimbilia fremu ile kama watu waliochelewa kuzima moto. Fimbo zangu hazikuwatosha, wakatumia bakora, viatu, ngumi. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walirudi nyuma hatua kadhaa na kushambulia tena huku wakikitukana kifo kwa majina ya matusi niliyoyasikia mara ya mwisho nikiwa mdogo. Mabati yalipasuka. Ringi moja ilichomoka ikabingirika hadi kwenye chumba cha giza, na watu wakatoka humo bila kupapasa. Watoto wa barafu walisimama wameduwaa, kisha mmoja akaokota kifuniko, na baada ya hapo sijui nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji. Yule mama wa omena nilimwona akipiga debe kwa mikono miwili, na alikuwa analia. Kila mtu pale alikuwa na wake ambaye aliondoka kimya mwaka ule wa korona.

Msimamizi wa maonyesho alinijia mbio akinipigia kelele sikioni kwamba fremu itaanguka, kwamba hii haikuwa kwenye maelezo yangu. Alisema kweli. Nilimwambia anipe dakika chache, lakini macho yangu yalikuwa kwa mama. Hakuwa amegonga. Alisimama kando amejikumbatia ndani ya lile koti kubwa, akitazama ziwa. Nilienda na fimbo nikamwekea mkononi, na mkono wake haukuifunga.

"Gonga, mama," nikasema. "Nimekujengea wewe."

"Nyara," akaniita binti yake, kwa upole ulioniudhi. "Hapa ni mbali. Hapa ndipo tunapokileta kifo. Aliyekufa hakufia hapa."

Kichwa kikaniwaka. Wiki nzima, mwezi mzima, chuma chote kile, na yeye hagongi. Nilimwambia hivyo hivyo, tena mbele za watu. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akamgeukia shemeji yake akasema twende nyumbani. Baba mdogo akainua kengele. Nami nikaona wanachofanya: kila mtu alikuwa anafungua kile alichokuwa anapiga. Waya nilizokaza kwa vidole vyangu walizikata kwa makali ya panga. Sufuria, vifuniko, madebe, vyote vikapandishwa nyuma ya pick-up, kwa sababu kelele ikishatoka huko mbali lazima warudi nayo hadi langoni, isinyamaze njiani. Msimamizi akaniuliza kama nitawaacha. Nilitazama fremu tupu. Nilisema maonyesho yataendelea hadi kesho na mimi lazima nibaki. Mama, aliyekuwa tayari ndani ya gari, akasogea akanipigia kiti cha kando yake kwa kiganja.

Tulipiga vyombo hadi Ahero, na kutoka Ahero hadi Katito. Waliokuwa wakipalilia mpunga walisimama, wakavua kofia. Nami nilikuwa katikati ya dereva na mama, nikiwaza fremu, msimamizi na jina langu. Langoni pick-up haikusimama. Ilizunguka boma ikikanyaga maharage ya mama, watu wakaruka chini ikiwa bado inatembea, wakapiga kuta za kila nyumba, zizi, choo, mti, na ng'ombe wenyewe wakatoka wakikimbia bila kuswagwa.

Mama alishuka wa mwisho. Alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko mkononi mwa mwanamke mmoja, akaingia nyumba kubwa, na mimi nikamfuata mpaka sebuleni. Aliusukuma mlango wa chumba chao. Alikipiga kifuniko kile juu ya kitanda, chini ya kitanda, kwenye kila pembe, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, kofia ya baba ikaanguka na yeye hakuiokota. Nje walikuwa wamenyamaza wakimsikiliza. Kisha alifungua dirisha.

"Umesindikizwa," akamwambia. "Watu wamekuja. Nenda."

Akasimama akihema. Akavua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akaniona nimesimama mlangoni na machozi yangu, nikingoja niitwe ndani, nikumbatiwe, nipewe hata neno moja. Akanikabidhi kifuniko.

"Waambie wachukue chai. Na vyuma vyako uvitoe kwa maharage," akasema. "Mimi nataka kulala."

Jua lilikuwa bado juu. Alifunga mlango, na kabla sijafika uani nikamsikia akikoroma.