Miaka Kumi Niliyotaka Kumtoa Mama Kamau

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimeketi mbele ya taipureta ya kuazima, kwa ofisi ya wakili mmoja pale tauni, katikati ya mji, orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Nyuma yangu amesimama mama mmoja na kikapu cha mayai mkononi. Akasoma ile karatasi juu ya bega langu, akaniuliza polepole, "Nekesa, kwa hivyo nilimzaa Kamau nikiwa na miaka kumi?"

Ngoja, nitakufikisha hapo. Nyinyi vijana mnataka mwisho wa hadithi kabla chai haijapoa. Hata mimi nilikuwa hivyo, tena zaidi, na ndiyo sababu nakuambia.

Jana ulikuja na karatasi zako za viza. Mume wako ana miaka arobaini na tisa, wewe ishirini na saba, na yeye yuko ng'ambo anakungoja. Umri hamwezi kuficha siku hizi, kompyuta inajua mpaka saa uliyozaliwa. Lakini rafiki zako wamekufundisha useme mlijuana kitambo kuliko ukweli, na usitaje yule bibi yake wa kwanza, ili watu wa ubalozi wasishtuke. Ukaniuliza, nyanya, nifanye hivyo? Sikukujibu. Nilitaka nilale na hilo swali kwanza. Sasa sikiza.

Nilikuja Nairobi mwanzo wa miaka ya sabini, nimemaliza Fom Foo, kidato cha nne, cheti yangu kwa bahasha ya kaki. Nilidhani nchi nzima inaningoja. Kaka yangu Wafula alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha kuchapisha vitabu, na alikuwa ametuandikia nyumbani kwamba amepanga chumba Waithaka, kwa ploti ya mjane mmoja, Nyokabi, ambaye watu walimwita Mama Kamau. Niliposhuka na sanduku yangu ndipo nikajua hapangi tena. Amemuoa mwenye ploti.

Wafula alikuwa na miaka ishirini na tano. Mama Kamau alikuwa na arobaini na tatu. Na huyo Kamau, mtoto wake, alikuwa ishirini na tatu, na ndevu.

Waithaka ilicheka, mwanangu! Kwa mfereji wa maji wanawake walisema, "Yule Mluhya amepata dawa ya kodi." Kamau naye alikuwa na lake. Akipita mbele ya Wafula jioni anasema, "Baba, niachie pesa ya sigara." Na Wafula bila kuinua macho anamjibu, "Kwanza leta ripoti ya shule." Wanacheka wote wawili, wanaketi kwa ngazi wanavuta sigara hiyo moja.

Mama yetu alipokuja kumwona mke wa mwanawe, Mama Kamau alitoka jikoni akijipangusa mikono. Mama yetu akasimama haraka, akainama, akamwamkia kwa heshima zote, maana alidhani huyu ndiye mama wa bibi harusi. Mama Kamau akamshika mkono, akamwambia, "Keti, mama. Ni mimi." Mama yetu akaketi, akanywa chai mpaka ikaisha. Halafu akauliza kama kuna ingine.

Sasa usifikiri mimi nilielewa haraka kama mama. Nilikuwa na diary, kila jioni naandika mambo makubwa makubwa juu ya maisha. Humo niliandika kwamba kaka yangu amepotea. Lakini macho hayana pazia. Niliona jinsi walivyoishi. Mama Kamau alifuga kuku, na kila Jumamosi alipeleka mayai Lavington, mtaa wa matajiri, kwa milango ya nyuma, anawauzia wapishi. Wafula alikuwa anabeba kutoka kiwandani vipande vya karatasi vinavyokatwa pembeni mwa vitabu, na Ijumaa jioni wanaketi chini, taa katikati, wanafunga mayai moja moja. Hawaongei sana. Anafunga hili, anampa, anafunga lile, anampa. Asubuhi wanasukuma baiskeli pamoja mpaka Lavington na hakuna yai limevunjika. Nimeona ndoa nyingi tangu hapo, za rika moja, za pete kubwa na keki ya ghorofa. Mayai yao yalivunjika mapema.

Halafu kiwanda kikampeleka Wafula ng'ambo kusomea mashine mpya. Alipomaliza, wenye mashine wakamwajiri huko huko. Akaandika, mke wangu nimeomba aje. Hapo ndipo kazi ilianza.

Ili apate viza lazima awe na pasipoti, na pasipoti inataka siku ya kuzaliwa. Mama Kamau hakuwa na cheti ya kuzaliwa. Watu wa umri wake walizaliwa bila serikali kuambiwa. Ukienda kwa wakili unaapa, unasema nilizaliwa mwaka fulani, anagonga muhuri, basi. Na wewe hujui watu wa siku hizo! Umri ulikuwa kama shati la mtumba, mtu anachagua linalomkaa. Anayetafuta kazi anajipunguza. Anayetaka kuwa mzee wa kanisa anajiongeza. Mjomba wangu mmoja alikuwa na umri wa kazi ya reli na umri wa kanisa, na siku ya mazishi yake tulishindwa tuandike gani kwa msalaba.

Mimi nilikuwa najifunza taipu, na karani wa yule wakili alinikubalia nichape mwenyewe kiapo cha Mama Kamau, ili nizoeze vidole. Nikaona nafasi yangu. Tulikuwa tumesikia watu wa viza wanakataa. Wakiona mke amemzidi mume hivi, wanasema hii si ndoa, hii ni njama ya kuingia nchi yao. Nikajiambia, nitamsaidia. Yeye alizaliwa mwaka wa nzige, elfu moja mia tisa ishirini na tisa. Mimi nikachapa thelathini na tisa. Kidole kimoja tu, miaka kumi imetoka! Nilijiona msichana mwerevu kuliko wote Nairobi.

Ndipo akaniuliza lile swali la Kamau.

Nikamwambia, "Mama Kamau, nani atahesabu? Hao wazungu hawamjui Kamau."

Hakukasirika. Aliweka kikapu chini, akavuta kiti cha wateja, akaketi karibu yangu kabisa mpaka nikasikia harufu ya moshi kwa leso yake.

"Hii miaka kumi umenitoa," akasema, "unajua kuna nani ndani?"

Akagusa ile karatasi kwa kidole.

"Kamau yuko ndani. Na baba yake yuko ndani, yule askari wa wakoloni walimchukua wakati wa Emajensi, siku za Mau Mau, hakurudi. Ukiitoa, mimi ni mjane wa nani? Wafula alinioa na hiyo miaka yote, Nekesa. Hakuniambia niache mingine mlangoni kama viatu. Sasa wewe, dada yake, unataka nimpelekee nusu?"

Karani alikuwa anajifanya anatafuta faili. Mimi nilitazama taipureta. Nikamwambia, kwa ukaidi, "Ukikataliwa je?"

"Nikikataliwa nitakuwa nimekataliwa mimi. Lakini nikienda na uongo, nitaishi huko na roho juu, kila mtu akibisha mlango nadhani ni wao. Njia ya mwongo ni fupi, mtoto wetu, na ng'ambo ni mbali." Akanyoosha kidole. "Toa hiyo karatasi. Weka ingine."

Si hivyo tu. Akasema neno lake peke yake halitoshi, ataleta wanaomjua. Mimi nilitaka tumalize siku ile ile! Niliandika kwa diary, "Huyu mama ananichelewesha maisha," sijui maisha gani, maana nilikuwa sina kazi.

Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili kutoka Waithaka, mama wa kanga na sweta, wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa. Hawa, akaeleza, walitobolewa masikio pamoja na yeye, msimu mmoja. Kwa Wakikuyu wa zamani watoto wa rika moja walitobolewa pamoja, na mtu anaweza kusahau jina la chifu lakini hasahau aliyelia karibu yake siku ile. Wakaondoa vitambaa vya kichwa hapo hapo mbele ya wakili, wakamwonyesha masikio, matundu ni yale yale, mkono wa fundi mmoja.

Mmoja, Wangari, alikuwa wa maneno. Wakili akamwambia, "Mama, ukiapa kwamba nyinyi ni rika moja, basi na wewe umezaliwa ishirini na tisa."

Wangari akageuka. "Ai, Nyokabi! Hukuniambia itafika kwangu!"

"Itafika wapi?" akauliza Mama Kamau.

"Mzee wangu anajua nina thelathini na nane! Tangu anioe nina thelathini na nane!"

Tulicheka mpaka watu wa duka la chini wakatoka nje kuangalia juu. Wakili akavua miwani akapangusa macho. Lakini Wangari hakutoka. Aliitazama ile Biblia ya kuapia, akamtazama rafiki yake, akapumua kama mtu anayebeba debe la maji. "Haya," akasema. "Leo umenizeesha. Ukifika huko unitumie blanketi." Akaapa. Mwanangu, nimesoma vitabu, nimesikia mahubiri, lakini mtu aliyenifundisha urafiki ni Wangari.

Siku ya mahojiano ubalozini nilienda na Mama Kamau na Kamau, yeye akabaki nje, mimi nikaruhusiwa kuketi kwa kona. Afisa alikuwa mzungu kijana, nadhani hata Wafula alimzidi umri. Mkalimani alikuwa mwenzetu, amefunga tai mpaka shingo imevimba, na alianza kumdharau Mama Kamau kabla hajaulizwa kitu.

"Mama, huyu ni mume ama ni mtoto umelea?"

"Mtoto nimelea amekaa huko nje kwa ngazi," akajibu Mama Kamau. "Ana ndevu. Huyu ni mume."

Afisa akauliza amesema nini, mkalimani akatafsiri, yule mzungu akatabasamu kidogo. Halafu akawa na uso wa kazi. Akasema, "Mume wako ameulizwa kule. Anasema umemzidi miaka kumi na nane. Wewe unasemaje?"

Hapo, mwanangu, nikahesabu kwa vidole. Kumi na nane! Kama ile karatasi yangu ingepita, Wafula angesema kumi na nane na mke wake miaka minane. Nani angeamini neno lingine lolote kutoka kwa mdomo wake? Ningekuwa nimemfungia kaka yangu mlango kwa kidole kimoja.

Mama Kamau akasema, "Ni kumi na nane. Kama angesema kumi na saba, angekuwa amenipendelea."

Afisa akazitazama zile karatasi za Wangari na mwenzake. "Watu huja hapa na karatasi za kujifanya wadogo. Wewe umeleta mashahidi wa kukuzeesha. Kwa nini?"

"Kwa sababu anayeningoja huko ananingoja mimi," akasema. "Nikimtumia mwingine mdogo, atamjuaje?"

Mkalimani alisahau kutafsiri. Afisa ikabidi amguse mkono.

Swali la mwisho lilikuwa chungu. "Na kama atakuchoka, akuache huko ugenini?"

Mama Kamau akafikiri. Hakuwa mtu wa kurusha jibu. "Bwana," akasema, "wa kwanza nilitengwa naye na bunduki. Huyu akiniacha, atakuwa yuko hai. Nitalia, lakini nitashukuru."

Tulingoja jibu tukifunga mayai, sasa mimi nikikaa mahali pa Wafula. Nilivunja mengi. Hakunigombeza hata mara moja, alikaanga tukala. Na siku moja likaja, amekubaliwa. Kwa uwanja wa ndege wa Embakasi, Kamau alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ili watu wasione anavyolia, "Msalimie baba!"

Walikaa huko miaka mingi. Waliporudi Waithaka, mvi za Wafula zilikuwa zimezifikia za mke wake, na watu wageni hawakujua nani mkubwa. Wangari alipata blanketi yake. Na siku tulipomzika Mama Kamau, kaka yangu alisimama kanisani, akakataa kusaidiwa kusoma historia ya mke wake. Akasoma ule mwaka wa kuzaliwa, ishirini na tisa, kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaja cheo.

Sasa hilo ndilo jibu la swali lako. Mwanangu, tofauti ya miaka si aibu ya kufichwa, ni kitu cha kubebwa na watu wawili, kama yale mayai. Sema mlijuana siku mliyojuana. Sema alikuwa na bibi, na sema jina lake kwa heshima, maana yuko ndani ya ile miaka uliyoipenda. Ukiulizwa swali la kuudhi, usijibu haraka ili uonekane mjanja, jibu polepole ili uwe mkweli. Mficha uchi hazai. Na mtu akikuambia kidole kimoja tu kitakusaidia, mwangalie vizuri, pengine ni msichana wa Fom Foo mwenye haraka zake.

Nenda basi. Mungu akufungulie huo mlango, akukutanishe na mume wako mkitambuana kutoka mbali. Akupe miaka yako yote bila kupungua hata mmoja, na akupe daima mtu wa kuisoma kwa sauti.