Rangi Ndani ya Ufa

Siraj hakuwahi kununua gunia kwa kulitazama tu. Tangu akichuuza mahindi Budondo, kabla hajahamia Mbale, alikuwa akilifungua, anamwaga debe moja chini, anachambua kwa vidole, ndipo anauliza bei. Kwa hiyo mwaka 1996, alipotoa akiba ya miaka sita kuagiza mashine ya kusaga unga kutoka Italia, kwa kuona picha tu, usingizi ulimpotea mpaka mzigo ulipofika.

Sanduku lilifunguliwa mchana mtaani Nabuyonga, mjini Mbale, wanawake wameshapanga foleni na mabeseni ya mahindi. Gamba la chuma linalofunika nyundo za kusagia lilikuwa na ufa mrefu kama kidole.

Wanyama, fundi wa kuchomelea, alikuwa keshavaa miwani, akamgeukia Siraj. "Dakika kumi tu, Haji. Ukichelewa, hawa wote wanakwenda kwenye kinu cha Wamboga."

Siraj alikuwa karibu kukubali. Mji mzima hufanya hivyo: kitu kikija kibovu, kinapigwa moto kwanza, lawama baadaye.

"Asiguse!" Aliyesema ni Racheal, karani wa wakili mmoja pale mjini, naye alikuwa kwenye foleni. Akatua beseni. "Haji, kuna mkataba wa mataifa wa kuuziana mali ng'ambo ya mpaka. Uganda imo, Italia imo. Sheria ni moja, yako na yake. Kagua mapema, mwambie muuzaji haraka kasoro ni ipi. Na ukitaka akubadilishie, kitu kiwe vile ulivyokipokea."

"Hiyo sheria inasaga?" Wanyama akacheka. "Watu walale njaa wakingoja Mzungu?"

"Cheka tu. Mzungu atasema imepasuka njiani. Na kwa masharti aliyonunulia Haji, mzigo ukishapanda meli, ajali ya njiani ni hasara yake, si ya Mzungu."

Siraj akapiga magoti kama mbele ya gunia, akaingiza ukucha ndani ya ufa, akakwangua. Ukucha ulitoka na rangi ya kijani, ile ile ya nje.

"Walipopaka rangi, ufa ulikuwepo," akasema polepole. "Wanyama, zima moto wako. Ungeniunguzia shahidi."

Barua kwa muuzaji aliianza mwenyewe: mashine ni mbovu.

"Ubovu gani?" Racheal akauliza. "Uko wapi?"

Siraj aliona haya. Sokoni yeye ndiye huwacheka wanaosema mahindi mabaya bila kuonyesha punje. Akaandika upya: upande upi, urefu gani, rangi imeingia mpaka wapi. Faksi ikaenda siku hiyo hiyo, picha zikafuata kwa posta.

Wiki tatu mashine ilikaa kimya. Wamboga, mwenye kinu cha jirani, alimtumia salamu: "Mwambieni Haji alete mahindi yake, nitamsagia." Mara mbili Siraj alitoka kwenda kumwita Wanyama, mara mbili akarudia mlangoni.

Jibu lilipokuja halikuwa na ubishi. Gamba jipya linakuja kwa ndege, nauli juu yao.

Siku lilipofika, Wanyama alisimama kando, mikono nyuma. "Sasa niguse, Haji?"

"Gusa," Siraj akasema, akivuta kigoda. "Lakini kwanza tupatane bei. Hakuna cha kuchomelea hapa, ni kukaza bolti nane tu."