Maji Niliyokataa Kumpelekea Mama

Mwaka wa 2012, nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huku Lodwar, niliongea na watu watatu tu muhula mzima: matroni, mwalimu wa zamu, na msichana tuliyekaa naye dawati moja. Wale wawili ni kwa sababu waliniuliza kitu. Huyu wa dawati ni kwa sababu hakunilazimisha kufungua mdomo. Siku ya tatu alinisukumia daftari jipya, na juu ya ukurasa alikuwa ameandika: "Kama ungekuwa ngamia kwa siku moja, ungemtemea nani mate?"

Nikaandika: "Matroni."

Alicheka mpaka akatolewa nje ya darasa.

Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, kwao ni kambini Kakuma. Mimi ni Mturkana wa Kakuma hiyohiyo, ila wa upande wa mjini. Tulikuwa tumekua tukila vumbi moja bila kujuana.

Daftari tukaliita Kama, kwa sababu kila swali lilianza hivyo. Wiki moja lilikaa kwake, wiki moja kwangu. Kama mvua ingenyesha Lodwar siku saba bila kukatika, nani angelalamika kwanza? (Tulikubaliana ni mpishi wa shule.) Kama ungelazimika kusahau lugha moja, ungesahau ipi? Yeye alisema Kiarabu cha Juba, kwa kuwa ndicho mama yake hutumia kumgombeza. Mimi nilisema Kiingereza, halafu nikafuta, maana mtihani ulikuwa karibu. Kwa kalamu mimi nasema yote. Mdomo ndio una shida. Hata chumvi mezani nilikuwa nangoja mwingine aiombe ndipo nami nichukue.

Likizo ya Agosti akanialika kwao. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko alivyofikiri. Kambi niliijua tangu utotoni, lakini niliijua kutoka nje ya ua. Wanawake wetu hupeleka kuni huko. Unatua mzigo kando ya ua wa miiba, unakaa chini mchangani karibu na kuni zako, unaita. Mwenye nyumba anatoka na kopo la unga au mafuta kidogo, mnabishana, mnabadilishana, unaenda. Hakuna anayeingia ndani. Nilipokuwa shule ya msingi nilibeba mzigo wangu mdogo kila Jumamosi nyuma ya mama. Rafiki yangu sikuwa nimemwambia. Hakuwahi kuniuliza, na mimi kitu nisichoulizwa sikijibu.

Siku hiyo nikaingizwa ndani kama mgeni. Nyumba ya udongo, bati juu, viti viwili vya plastiki, kimoja cha bluu na kimoja chekundu. Nikakalishwa kwa kile cha bluu. Nikapewa chai yenye sukari nyingi na maziwa ya unga. Mama yake aliniuliza kuhusu masomo, nami nikajibu kwa kichwa. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Ndipo nikasikia sauti nje: "Kuni! Kuni kavu hapa!"

Ilikuwa sauti ya mama yangu.

Mama ya rafiki yangu akatoka. Kutoka kwenye kiti niliona kipande cha shuka na mkono wa mama, na bangili zake.

"Hii mbichi," mwenye nyumba akasema.

"Hapana mbichi, mama. Vunja wewe mwenyewe, sikia. Leta kopo mbili."

"Moja."

"Moja na nusu, na maji ya kunywa. Jua inaniua."

Rafiki yangu alikuwa anakanda unga, mikono imeenea unga mpaka viwikoni. Akaniambia, "Si umpelekee huyo mama maji? Jagi iko hapo kwa mguu yako."

Ilikuwa hapo kweli, imegusa kiatu changu. Ningeinama tu.

"Mguu umelala," nikasema. "Ngoja kidogo."

Akaguna, akapangusa mikono kwa leso, akamwaga maji kwenye kikombe na kuyapeleka nje. Nilimsikia mama akinywa bila kupumzika. Kisha nikamsikia akisema, "Mungu akubariki, mtoto wangu."

Alimwambia yeye.

Jioni nyumbani mama alikuwa amechangamka. "Leo nimepata nyumba ya watu wazuri," akasema. "Kuna msichana huko, mrefu, amenipa maji baridi bila kununa. Nitakuwa napeleka kuni kwao. Na wewe ulishinda wapi?"

"Maktaba," nikasema. Kakuma nzima sijui kama ilikuwa na maktaba iliyofunguliwa siku hiyo.

Tangu hapo nilikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda: mama asijue kwamba nilikuwa ndani. Likizo iliyobaki alienda nyumba ile kila wiki, akirudi na habari zake, na mimi nikisikiliza kama habari za watu nisiowajua.

Muhula wa tatu, rafiki yangu aliandika kwenye Kama: "Kama ungerudishiwa dakika moja tu ya maisha yako, ungerudia ipi?" Nilikaa na swali hilo siku nne. Ningeweza kuandika kitu cha kuchekesha. Badala yake niliandika kurasa mbili. Niliandika kiti, jagi, mguu ambao haukuwa umelala. Niliandika kwamba yule mama wa kuni ni mama yangu mimi. Nikamrudishia daftari bila kumtazama.

Chini ya maneno yangu akaandika: "Nimesoma. Inabaki kati ya mimi na wewe."

Sikuwahi kupewa kitu kizuri kama hicho. Shule ilipofungwa Novemba, zamu ya kubeba daftari ilikuwa yake. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Siku moja ya Desemba mama alirudi kutoka kambini mapema, jua likiwa bado juu ya kichwa. Akatua kopo la unga. Akakaa. Kwa kawaida mama huanza kuongea akiwa bado mlangoni.

"Leo wameniita ndani," akasema.

"Nani?"

"Watu wa yule msichana wa maji. Wamenikalisha kwa kiti. Wamenipa chai." Akatoa mwiba kwenye kisigino. "Mama yake alikuwa anasema, msichana anageuza kwa Kiswahili. Wamesema nikusamehe. Wamesema unalia ndani ya daftari."

Nilihisi masikio yamejaa upepo.

"Kumbe ulikuwa hapo," akasema.

Akatupa ule mwiba nje.

"Ulikaa kwa kiti gani?"

"Ya bluu."

"Mimi wamenipa ile nyekundu," akasema, kama anayetaja jambo la kawaida kabisa, akainuka kwenda kuchota maji. Hakunipiga. Hakunigombeza. Kesho yake alibeba kuni kupita ile nyumba, akaenda mpaka mwisho wa kambi ambako hajulikani, mwendo wa saa nzima zaidi. Likizo yote akafanya hivyo. Nilitaka kumfuata na mzigo wangu, akasema, "Soma."

Nimejiuliza mara nyingi: kama wasingemwambia, ingekuwaje? Angeendelea kwenda nyumba ile ya watu wazuri, akinywa maji yao, akimbariki mtoto wa mwingine. Mimi ningeendelea kubeba kitu changu peke yangu. Kilikuwa kizito, lakini kilikuwa kwangu. Sasa kimewekwa juu ya kichwa cha mama, na hajaambiwa pa kukitua.

Januari mimi na rafiki yangu tulikutana shuleni kwenye kamba za nguo. Alikuja akitabasamu, amenibebea Kama. Sikulipokea.

"Umenichoma," nikamwambia.

"Nimekuchoma aje? Wewe ndiye ulikuwa unaumia. Kwetu, mgeni akiaibika ndani ya nyumba yako, wewe mwenye nyumba ndiye unatengeneza. Mama yangu alisema hawezi kumkalisha mama yako kwa mchanga tena."

"Uliandika inabaki kati yetu."

"Mama yangu si mtu wa nje."

"Kwangu ni wa nje!"

Wasichana wawili waliokuwa wakianika soksi wakageuka. Hawakuwa wamewahi kunisikia nikipaza sauti. Rafiki yangu akashusha yake.

"Maalesh," akasema. "Samahani. Lakini usinigeuze mimi mbaya peke yangu. Mimi ndiye nilimpelekea maji."

Hilo ni kweli. Najua nilichomfanyia mama, sihitaji mtu wa kunionyesha. Lakini nilipoandika sikuwa naomba fundi wa kutengeneza. Nilikuwa naomba mtu mmoja duniani ajue, akae nalo. Alikubali kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kisha akaamua kivyake kwamba anajua zaidi. Niliomba kubadilishiwa dawati. Mwalimu akauliza sababu, nikasema macho hayaoni ubao vizuri.

Kukawa na siku ya wazazi, Jumapili moja ya muhula huo wa kwanza wa 2013. Mama hakuwa amewahi kuiona shule yangu. Mwaka mzima uliotangulia alikuwa anajiandaa. Alitaka nimfundishe jinsi wazazi wanavyowasalimu walimu kwa Kiingereza, na kila asubuhi aliwajaribia mbuzi, "Gudi moningi." Alikuwa amesema atakuja hata kama ni kwa miguu.

Aliyekuja ni shangazi. Nilimwona getini na mfuko wa mandazi, nikatazama nyuma yake.

"Ejok, mtoto wangu," akanisalimu kwa Kiturkana. "Usitafute. Nimekuja mwenyewe."

"Mama ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni mzima kukushinda." Shangazi haongei kwa kuzunguka. Akakaa kwenye benchi, akapepea uso kwa kitambaa. "Amesema huku kuna watu wa kukaa kwa viti. Hataki akifika mguu wako ulale tena."

Benchi la pili walikuwa wamekaa rafiki yangu na mama yake, sahani ya wali katikati yao. Walisikia. Kiturkana chao ni kidogo, ila cha kutosha kununua kuni ni cha kutosha kusikia hilo.

"Nitamwandikia barua," nikasema kwa Kiswahili. "Umpelekee."

"Ataisoma nani? Yeye? Mimi? Ama tutafute tena mtu wa kambini atusomee?"

Nikainamisha kichwa.

"Barua zako ndizo zimetufikisha hapa," shangazi akasema. "Sema kwa mdomo. Nitambebea vile utasema."

Shuleni kwetu kuongea lugha ya nyumbani ni kosa. Kuna kibao cha mbao chenye kamba, kiranja anakuvika shingoni, nawe unakivaa mpaka umsikie mwingine akikosea umtaje, umvishe. Wageni wanaruhusiwa kuongea watakavyo, sisi hapana. Kiranja alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Nikasema kwa Kiturkana, chini kabisa, kwamba nilimwona.

"Sijasikia. Unaongea na kiatu?"

"Mwambie nilimwona! Nilisikia sauti yake nikaijua. Niliona aibu, nikakaa. Mwambie hakuna mtu mwingine aliyenifanya nikae."

Kiranja akaja na kibao chake.

"Wewe! Unaongea nini na mama yako kwa lugha ya nyumbani?"

"Huyu si mama yangu," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili sasa, na sauti haikutaka kushuka, sijui kwa nini. "Huyu ni shangazi. Mama yangu anauza kuni kambini Kakuma. Amekataa kuja kwa sababu yangu."

Mama ya rafiki yangu aliweka kijiko chini. Rafiki yangu alikuwa anatazama wali. Sikutaka waniite, na hawakuniita.

Shangazi alisimama, akanipa mandazi. "Hayo maneno nitayafikisha," akasema. "Kama atakuja ama hatakuja, hiyo ni kazi yake." Akaondoka kabla ya hotuba ya mwalimu mkuu. Mpaka leo ninapoandika haya, wiki ya pili, sijapata jibu.

Kibao nilikivaa siku nne, mpaka kiranja akachoka kungoja, akakivua mwenyewe. Niliwasikia wengi wakiongea lugha za kwao, bombani, bwenini, mmoja hata nyuma yangu kanisani. Siku ya tatu nilimsikia yeye, kwenye foleni ya uji, akimnong'oneza mwenzake kwa Kiarabu. Aliniona nimemsikia, akasimama na kikombe chake mkononi, akingoja nimtaje.

Nikachukua uji wangu, nikaenda kukaa. Sijamsamehe. Lakini sikumtaja mtu.