Panzi Asiyekimbia

Mdudu aliyemdhuru mjusi wangu hakutoka Kitanga. Alitoka barazani kwangu, nikamwokota kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa wiki nyingi nilikana jambo hilo, na kwa kuwa nina shahada mbili, nilikana kwa ufasaha.

Kuhusu kufuga mjusi sitatubu. Niliachiwa na muuguzi mgeni aliyefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo. Mkataba ulipokwisha alishindwa kusafiri naye. Si mjusi wa ukutani. Ni wa manjano, ana madoa meusi kama chui, mkia mnene kama kidole gumba, na kope anazofumba mtu akimchosha. Walimu wenzangu hapa Kasulu walitaka kujua kama wanaume wa kufuga wamekwisha. Mdogo wangu alipokuja kunitembelea aligoma mlangoni, begi mkononi.

"Dada, watu wanafuga kuku."

"Kuku ana kelele."

"Kuku analiwa!"

"Ndiyo maana nimefuga huyu."

Alilala siku tatu kiti kikiwa kimeegemezwa mlangoni. Mjusi hakuhama.

Tabu ilikuwa chakula. Hali majani wala ugali. Anataka mdudu aliye hai. Sokoni nilimpata mama mmoja wa kijiji cha Kitanga aliyeuza kumbikumbi wa kuliwa, na panzi na nyenje kwa wenye vifaranga. Panzi aliwakamata alfajiri, mabawa yakiwa bado yamelowa umande, akawaleta ndani ya ndoo iliyofunikwa kipande cha chandarua. Siku ya kwanza nilimwonyesha kwa majivuno panzi niliyejikamatia njiani, mwenye rangi nyingi kama kitenge cha harusi.

"Huyo wa kwenye mihogo?" akacheka. "Alikukimbia, mwalimu?"

"Hapana, alitulia tu."

"Panzi asiyekimbia anajua kwa nini. Huyo mchungu, hata kuku anamtema. Mtupe."

Akanifundisha kuchagua. Fungua ndoo, chukua anayeruka. Tazama miguu yote ipo, tumbo halijalegea, hanuki. Asizidi upana wa kichwa cha mjusi. Kisha mshindishe siku nzima na mchicha na karoti, maana mjusi anakula pia alichokula mdudu. Mimi niliongeza unga wa maganda ya mayai, nikajiona mtaalamu.

Wiki moja mvua ilikata barabara na yule mama hakufika. Magharibi moja nikawakuta nyenje chini ya taa ya baraza, wanayumba, wengine chali. Nilifurahi, mtu wa umri wangu hapendi kukimbiza kitoweo. Niliokota sita, nikampa mjusi wanne. Kesho yake alikuwa anatetemeka, hataki kitu. Hapo ndipo nilipoliona kopo la dawa ya mbu dirishani. Nilikuwa nimepuliza baraza nzima jioni ile ile, kabla ya kuwasha taa.

Wenzangu walipouliza ofisini, nikasema, "Wadudu wa Kitanga. Nadhani wametoka kwenye maharage yaliyopigwa dawa." Lile neno "nadhani" nililiweka kwa uangalifu wa kisomi. Halikumsaidia mtu. Baada ya siku chache wenye vifaranga walikuwa wanaipita ndoo ya yule mama, na wapenda kumbikumbi nao wakaanza kugeuza shingo. Mimi nikapita njia ya nyuma ya soko, kisha nikarudi nyumbani kumdondoshea mjusi maji mdomoni, tone kwa tone. Mkia wake ulikuwa umekonda kama penseli. Nilimwambia hatakufa. 

Simu ililia saa nne, wakati wa chai, ofisi imejaa.

"Mwalimu, mimi wa wadudu."

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tunalingana umri.

"Usiniamkie. Wiki ile mjusi alipougua, ulinunua kwangu?"

Niliangalia kikombe. "Hapana. Hukuja."

"Sikuja. Daraja lilikuwa limezama. Sasa mimi panzi nawashika kwenye nyasi, sijawahi kuingia shamba la dawa, na ndoo yangu naitembeza mchana, kila mtu anaiona. Hapo ulipo kuna watu?"

"Wapo."

"Weka sauti kubwa. Uwaambie ukweli kama ulivyowaambia uongo."

Ningeweza kusema mtandao unasumbua. Kasulu nzima ingeniamini. Niliweka sauti kubwa, simu nikailaza juu ya meza katikati ya vitumbua. Nikasema wadudu walikuwa wa barazani kwangu, dawa ilikuwa yangu, na nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Hakuna aliyetafuna.

"Mmesikia, walimu?" simu ikauliza.

"Tumesikia, mama," wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Haya. Mjusi yu hai?"

"Yu hai. Jana alifumbua macho."

"Alhamisi nitaleta nyenje wadogo wadogo," akasema. "Utakuja kuwachagua pale pale sokoni, watu wakiona."

Akakata.