Jicho la Asali na Jicho la Lopitalo

Mama Kalombo aliuacha mkono wa Mama Pasta ukining'inia hewani mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote, na kabla ya wimbo wa tatu habari ilikuwa imeshafika benchi la nyuma. Angekuwa mama mwingine, watu wangesamehe. Lakini yeye ni mkubwa wa protocole, mwenye mkanda wa buluu begani, na kazi yake ni kupokea watu, kuwapa mkono na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Mama Pasta alinyoosha mkono kutoka upande wa kushoto, akangoja, akatabasamu, akangoja tena. Mama Kalombo akampita kama mtu anayepita mlingoti, akaenda kumkumbatia shemasi.

"Amevimba," akina mama walinong'ona. "Tangu mukwe wake apate jeep, hasalimie batu tena."

Kwenye soko la Manika nako maneno yalikuwa hayohayo. Pale Mama Kalombo huuza makayabu, samaki wale wa chumvi, na tangu mwanzo wa mwaka watu walikuwa wakimpita na "Jambo, mama!" naye kimya. Akigonga bega kwenye nguzo, watu walisema kiburi kinamfanya aangalie juu.

Aliyegundua ukweli ni Bilkisi, jirani yake wa meza, muuza vitenge. Bilkisi ni mtoto wa mji wa Kindu, Mwislamu wa swala tano, na kwa miaka kumi na tisa wawili hao wamekula sahani moja. Asubuhi moja alimnyooshea kikombe cha chai kwa upande. Mama Kalombo hakupokea.

"Kalombo, chai yako."

"Iko wapi?"

"Iko hapa mu mukono yangu, weye! Usigeuke. Angalia mbele. Leo nimevaa foulard ya kichwa ya rangi gani?"

"Ya... ya kijani."

"Sikuvaa foulard ya kijani tangu nilizaliwa. Angalia tu mbele. Bidole yangu iko ngapi?"

"Bilkisi, acha michezo, bateja banakuja."

"Hakuna muteja. Kalombo, unanificha nini?"

Mama Kalombo akakaa juu ya mzigo wa samaki, akasema yote. Mbele anaona vizuri, hata kusoma Biblia anasoma. Ila pembeni kumekuwa kama kuna mapazia, na mapazia yanasogea. Hakumwambia hata mume wake. Alikuwa akimkumbuka mama yake mzazi, aliyemaliza miaka yake ya mwisho kipofu, akivutwa kwa fimbo kama mbuzi wa kuuzwa, na alikuwa akiomba kila siku: Bwana, chochote utakacho, lakini si ile fimbo.

"Na kwa sababu ya ile woga, njo maana ukanyamaza!" Bilkisi akasema. "Ngoja. Dawa iko."

Wiki haijaisha, Shafii, kaka yake Bilkisi anayeendesha lori la mizigo, akarudi kutoka Sandoa na chupa ya asali ya porini, nyeusi kama mafuta ya injini. Bilkisi akaichanganya na maji ya majani aliyokamua mwenyewe. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. "Bibi yangu ku Kindu alifanya hivi, akaona mpaka siku ya kufa. Alikuwa anatuhesabia ata chawa mu kichwa!"

Lakini chozi la asali haliwezi kufichwa nyumbani. Tata Mechack, mume wa Mama Kalombo, alimkuta na macho mekundu mara mbili, na mara ya tatu akachukua kofia yake, akasema tu, "Mama Kalombo, tunaenda ku lopitalo. Leo." Walikwenda kwa taxi-moto mbili, yeye mbele, mzee nyuma akimpigia kelele dereva wa mke wake apunguze mwendo.

Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo, Docteur Tatiana, mwenye sauti laini. Alipima, akatazama ndani kwa taa, akasogeza vidole pembeni huku mama akitazama pua yake. Kisha akasema ni ugonjwa unaoitwa glaucome.

"Ndani ya jicho munaingia maji kila siku, na inapashwa kutoka. Yako inaingia, lakini kutoka inatoka kidogo. Inajaa, inakanyaga mushipa wa kuonea."

Tata Mechack, aliyefanya kazi kwenye pampu za mgodi miaka thelathini, akaruka kwenye kiti. "Ah! Pompe inachoka, maji inapanda mu shimo!"

"Njo vile kabisa, tata."

"Na ukichelewa, unapoteza galerie, ile njia ya chini."

"Na ile galerie hairudi," Docteur akasema, akamtazama Mama Kalombo. "Mama, sitakudanganya. Kenye kilienda, kilienda. Hii dawa inachunga kenye kilibakia. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, mpaka uzee. Unawekaka kitu kingine mu macho?"

Mama Kalombo akakohoa. "Kidogo tu. Asali."

"Acha, mama. Kisha miezi mbili, urudie."

Sasa hapa ndipo Mama Kalombo alipofanya jambo ambalo ni mwanamke wa soko tu angelifanya. Usimhukumu haraka. Kwake, huwezi kununua gunia bila kutia mkono ndani, huwezi kukubali samaki bila kuvunja ncha na kuonja. Kulikuwa na dawa mbili: moja ya daktari asiyemjua, nyingine ya rafiki aliyemvika kitenge siku ya msiba wa mama yake. Mungu alimpa macho mawili. Basi, jicho la kulia akalipa dawa ya lopitalo, jicho la kushoto akalipa asali. Hakumwambia mtu. Kila jicho lionyeshe kazi yake.

Jicho la asali lilianza mashindano kwa nguvu. Tone likiingia, mama anaruka, anapiga mguu chini, anamwita Yesu kwa sauti. Machozi yanatoka kama mvua ya Desemba, na yakiisha, dunia inaonekana imeoshwa. "Hii inafanya kazi!" Jicho la lopitalo nalo, kimya. Tone linaingia kama maji ya kunywa, hakuna moto, hakuna chozi, na pazia liko palepale. Mara nyingi hata tone la jioni alilisahau, maana ndiyo saa wateja wanatoka kazini na kujaa mezani. Wala hakujuta. Dawa isiyouma, aliwaza, ni kama mhubiri asiyepaza sauti: anafanya kazi gani?

Miezi miwili ilipoisha alivaa kitenge kizuri, akamwambia mzee abaki nyumbani, akaenda peke yake. Alikuwa amepanga namna ya kumpasha daktari habari kwa upole, asimwaibishe.

Docteur Tatiana alipima jicho la kulia. "Mama, félicitations, hongera! Tension, ile nguvu ya maji, ilishuka sana. Ulikuwa na thelathini, sasa kumi na nane."

"Hilo?" Mama Kalombo akashangaa. "Lile lisilofanya kitu?"

Daktari akapima la kushoto. Akapima tena. Akafuta chombo chake, akapima mara ya tatu.

"Mama, hii jicho ya kushoto uliazima kwa nani?"

"Ni yangu, mwanangu."

"Ilikuwa makumi mbili na tisa. Sasa ni thelathini na ine." Akamfunika jicho la kulia kwa mkono, akaanza kuleta kidole kutoka pembeni, polepole. "Sema ukikiona."

Mama Kalombo akangoja. Akangoja sana. Alipokiona, kidole kilikuwa karibu na pua.

"Mara ya kwanza," Docteur akasema, "ulikionea hapa." Akarudisha kidole nyuma, usawa wa kona ya nje ya jicho.

Mama Kalombo akatazama umbali ule. Haukuzidi upana wa kiganja. Ndipo machozi yakatoka, haya sasa bila asali, akaeleza mashindano yote, jicho moja moja, mpaka mwisho. Alingoja kufokewa. Docteur alimpa kitambaa cha karatasi.

"Mama, ata mi nakunywaka asali mu chai. Ni muzuri. Lakini njia yake ni kinywa. Jicho haina tumbo ya kusaga majani. Lengalenga, karoti, ukule yote, mwili itafurahi. Ile tension haitashuka. Na kuuma si kuponya. Uliumwa bure."

"Na ya lopitalo ilikuwa inafanya kazi kimyakimya?"

"Kimyakimya. Na ungeiweka kila jioni, ingefanya zaidi. Tukiona haitoshe, tutazungumuzia operation. Sasa macho yote mbili, mama?"

"Yote mbili. Mbele ya Mungu."

Lililokuwa gumu ni kurudi sokoni. Bilkisi alisikiliza mpaka mwisho, huku akikunja na kukunjua kitenge kilekile.

"Donc, kumbe ni mi nilikuua jicho."

"Weye ulinipa dawa kwa mapendo. Mi njo nilifanya macho yangu kuwa soko. Docteur alikataza, nikaitika 'ndiyo', nikaenda kujaribu."

Bilkisi akakiweka kitenge, akageukia wateja wake. Siku ile hawakula sahani moja. Siku iliyofuata alimsalimia kwa kifupi, akiwa amesimama mbele kabisa ili aonekane, akarudi kwenye vitenge vyake. Mama Kalombo akauza samaki kwa moyo mzito. Jioni ikafika, wateja wakajaa, na tone la jioni likamtoka kichwani.

Adhana ikasikika kutoka upande wa msikiti. Bilkisi alitandika mkeka wake nyuma ya meza, kama kila siku, akaswali. Alipomaliza hakurudi kwenye vitenge. Alikuja akaziba njia kati ya Mama Kalombo na wateja, mikono kiunoni.

"Dawa iko wapi?"

"Bilkisi, kuko batu..."

"Mi sisahauke saa ya Maghrib ata soko ikiungua. Tangu leo, nikitoka ku mukeka, nakuja kwako. Fungua jicho. Angalia juu, ku mbingu."

"Mi naangaliaka kule kila siku."

"Basi leo uangalie bila kusogea."

Tone la kwanza likaanguka shavuni.

"Ile umepatia shavu!"

"Nalo lilikuwa na kiu. Usicheke, unatikisika. Voilà. Sasa ya kushoto."

"Nipe kilo mbili ya makayabu," mteja mmoja akasema kutoka nyuma, "nikaende, bwali inapoa mu sahani."

"Ngoja, tata," Bilkisi akajibu bila kugeuka. "Tuko na macho kwanza."

Mama Kalombo akafumba macho, akabonyeza vidole kwenye kona za pua kama Docteur alivyomfundisha, midomo ikicheza polepole katika sala. Mteja akasimama, akangoja.